Sakafu za Mbulu na Hanang: Tangu Nyumba za Ubavuni mwa Kilima Hata Nyumba za Kuuzwa

Zamani, kabla bendera ya Wajerumani haijapandishwa juu ya boma la Mbulu, Wairaqw waliokaa katika vilima vya Irqwa Da'aw, ambavyo wengi siku hizi huvijua kwa jina la Kainam, waliichimba nyumba ndani ya ubavu wa kilima: walikata udongo upande wa juu, wakauacha upande wa bondeni uwe wa mlango, wakasimamisha nguzo za miti migumu, wakalaza miti na fito juu yake, kisha wakaifunika dari yote kwa udongo hata paa, kwa nyuma, likawa sawasawa na uso wa ardhi, na mgeni aliyeteremka kutoka juu aliweza kuikanyaga nyumba kabla hajaiona. Sababu ya ujenzi huo ilikuwa hofu. Katika karne ya 19 mashambulizi ya Wamasai waliotafuta ng'ombe yalifika hata kwenye nyanda hizo za juu, na nyumba isiyoonekana kwa mbali ilikuwa ndiyo ngome ya mtu asiyekuwa na ukuta wa mawe wala bunduki. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika na mchunguzi wa mila, aliyaeleza mambo haya katika jarida la Tanganyika Notes and Records miaka ya 1950, akabainisha jinsi umbo la nyumba ya Mwiraqw lilivyofuata hali ya vita na amani: hofu ilipozidi nyumba ilizama ardhini, na hofu ilipopungua nyumba ilipanda juu.

Waliosoma habari hizo aghalabu wamestaajabia dari. Mimi napenda kuzungumza juu ya sakafu, kwa sababu leo, katika miji ya Mbulu, Dongobesh, Haydom na Katesh, ambako nyumba kuukuu hununuliwa, hukarabatiwa na kuuzwa tena, sakafu isiyo sawa ni miongoni mwa aibu za nyumba ambazo ni rahisi kufichwa na huchelewa kugunduliwa. Na naamini kwa dhati kwamba dawa ya aibu hiyo ilikuwa ikijulikana katika vilima vile vile, kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujapandishwa huko.

Sakafu ya nyumba ya ubavuni ilikuwa ni kilima chenyewe. Wajenzi walishuka kwa jembe hata wakaufikia udongo mgumu ambao haujapata kuguswa na mkono wa binadamu, wakakoma hapo. Hawakuleta kifusi kutoka kwingine, hawakuinua upande wowote, na kwa hiyo hapakuwa na kitu chini yake cha kutitia. Je, ilikuwa sawa? Haikuwa sawa, wala haikulazimu iwe. Wairaqw walilaza ng'ombe ndani ya nyumba moja na watu, wakawalisha majani ya kukatwa, wakaikusanya samadi yao na kuipeleka mashambani, desturi iliyowawezesha kulima vilima vile vile kizazi baada ya kizazi bila kuichosha ardhi, na ambayo imewavuta wataalamu kutoka mbali, akiwamo Lowe Börjeson wa Sweden, aliyeandika kitabu kizima juu ya kilimo hicho mwaka 2004. Mahali wanapolala ng'ombe, mteremko mdogo wa sakafu kuelekea mlangoni ni neema, maana maji hayatuami. Hivyo nyumba ile ilikuwa na sakafu iliyoinama lakini haitikisiki, nasi tumefika zama za sakafu zinazong'aa kama kioo cha maji na ambazo, baada ya masika mbili, hupasuka katikati. Usawa na uimara ni mambo mawili mbalimbali, na historia yote ya sakafu katika wilaya hizi mbili, nionavyo mimi, ni historia ya watu waliokuwa na la pili wakaliacha kwa kulitamani la kwanza.

Aliyeitunza sakafu hiyo alikuwa mwanamke. Udongo wa kichuguu, ambao mchwa wamekwisha kuuchekecha na kuugandisha, ulipondwa ukalowekwa, ukachanganywa na samadi mbichi ya ng'ombe hata ukawa rojo nzito. Mama akapiga magoti katika pembe ya mbali kabisa na mlango, akaupaka kwa kiganja akirudi kinyumenyume, mkono ukichora nusu duara juu ya nusu duara, na kila alipofika penye kishimo kilichochimbwa na kisigino cha mtoto au mguu wa kigoda aliongeza tonge moja, akalikandamiza kwa ngumi, kisha akapita juu yake kwa kiganja kana kwamba hapajapata kuwa na shimo. Kazi hii ilirudiwa mara kwa mara, na kwa kuwa ilirudiwa, sakafu haikupata nafasi ya kuharibika sana: kasoro ya juma hili ilizibwa juma lijalo. Sisemi kwamba sakafu ya udongo ilikuwa pepo. Vumbi lake ndimo funza walimozaliana, na mtoto aliyelala juu yake aliamka na miguu iliyovimba. Watu waliotamani kuiaga hawakuwa wapumbavu. Lakini sakafu ya udongo ilikuwa na fadhila moja ambayo saruji haina, nayo ni kukubali kusahihishwa kwa mkono mtupu.

Jirani zao Wabarbaig, tawi kubwa la Wadatoga, ambao malisho yao yaliuzunguka mlima Hanang na maziwa ya Basotu, walikuwa na njia nyingine. Hao walikuwa wafugaji wa kuhamahama. Nyumba zao fupi za miti, udongo na samadi zilisimama ndani ya maboma ya miiba kwa muda ule ambao malisho yaliwafaa, na sakafu ilipochoka, mara nyingi boma nalo lilikuwa limekwisha kuhama. Kwao kitu cha kudumu juu ya ardhi hakikuwa nyumba. Kilikuwa bung'eda, kaburi la mzee wa heshima, kichuguu cha udongo kilichojengwa na jamaa kwa ibada ndefu, na ambacho vizazi vilikirudia kukizuru.

Katika mila hizo zote mbili nyumba haikuwa bidhaa. Kwa Wairaqw, ardhi iligawiwa ndani ya aya, yaani jumuiya ya watu wa eneo moja, chini ya wazee na kiongozi wao aitwaye kahamusmo. Aliyehama aliiacha nyumba, akachukua miti iliyofaa, na ardhi ikarudi kwenye mikono ya waliobaki. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuifanya sakafu ionekane nzuri kuliko ilivyo, kwa kuwa hapakuwa na mnunuzi wa kuonyeshwa.

Sakafu ngumu ililetwa na wageni. Boma la Wajerumani, kisha maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, kisha nyumba za misheni: Kanisa Katoliki, ambalo prefektura yake ya Mbulu ilianzishwa mwaka 1943 na kuwa jimbo kamili mwaka 1953, na Walutheri wa Norwei, waliofungua hospitali ya Haydom mwaka 1955. Hospitali haiwezi kuoshwa kwa maji na dawa ikiwa sakafu yake ni udongo, na ghala la nafaka haliwezi kuzuia unyevu bila zege. Vijana wa Kiiraqw waliokuwa vibarua katika kazi hizo ndio waliojifunza kushika mwiko, timazi na pima maji, na ndio waliorudi vijijini na maarifa ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu.

Hapa sina budi kutoka kidogo nje ya wilaya hizi. Watu wa pwani walikuwa na sakafu ngumu karne nyingi kabla ya saruji ya kiwandani, nao walifahamu siri yake. Katika nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja, boriti za mikoko zililazwa, juu yake yakapangwa mawe ya matumbawe, juu ya mawe ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na changarawe, halafu safu ya watu wenye vipande vya mti ikasimama ikaanza kuipiga. Wakaipiga kwa kuimba, siku baada ya siku, hata chokaa ikatoa jasho, ikashikana, ikawa ngumu na laini kwa pamoja. Tazama jinsi hekima hii inavyokutana na ile ya Kainam, ijapokuwa watu wenyewe hawakupata kuonana. Mwiraqw aliitafuta ardhi ambayo mvua na uzito wa kilima vilikwisha kuishindilia kwa maelfu ya miaka. Mswahili, asiyekuwa na kilima, aliishindilia sakafu kwa mkono wake. Wote wawili walijua kwamba sakafu haishikwi na uso wake. Kitu kilichopotea njiani, saruji ilipofika katika mikono ya watu wenye haraka, ni kile kipigo.

Amani ilipoingia, Wairaqw walitoka mashimoni. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imeua ng'ombe wa Wamasai na kuzivunja nguvu zao, na utawala wa kikoloni ukazuia mashambulizi yaliyobaki. Watu wa Irqwa Da'aw, waliokuwa wamebanana katika vilima vyao, wakaanza kushuka na kuenea, Mbulu, Dongobesh, Karatu, hata Hanang. Nyumba za msonge na za kuta zilizosimama zikachukua mahali pa zile za ubavuni. Waliposhuka, walikutana na ardhi mbili ambazo wahenga wao hawakuwa wamezijengea. Ya kwanza ni udongo mweusi wa mbuga, ulioenea sana katika tambarare za Basotu na kando za Hanang, udongo ambao masika huvimba kwa kunywa maji, na kiangazi hunywea na kupasuka nyufa ambamo mtu mzima huweza kutia kiganja. Nyumba iliyowekwa juu ya mbuga bila msingi wa kwenda chini hupumua pamoja na udongo huo: huinuliwa, hushushwa, na kwa kuwa kingo za nyumba hulowa kabla ya katikati yake, sakafu huinuka pembeni ikabonyea katikati, au kinyume chake, kufuata majira. Ya pili ni mteremko wenyewe, ambao wao waliujua vizuri kuliko sisi, lakini ambao sasa walitakiwa kuujengea kwa namna ngeni. Nayo ardhi yote hiyo imekaa katika ukingo wa Bonde la Ufa, ambalo halijatulia: tarehe 7 Mei 1964, siku chache tu baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, tetemeko lililopimwa zaidi ya 6 liliitikisa Mbulu.

Kisha ikaja saruji ya nyumbani. Kiwanda cha Wazo Hill, nje kidogo ya Dar es Salaam, kilianza kazi mwaka 1966, na kadiri uhuru ulivyokomaa, ndivyo sakafu ya saruji na paa la bati vilivyokuwa alama za maendeleo ya mtu. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipotazama nyuma miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, aliyalalamikia mapenzi haya ya kupita kiasi ya saruji na bati, akiwashangaa watu wenye udongo mzuri wa kufyatulia na kuchomea matofali wanaokaa bila nyumba bora kwa kungojea bidhaa ya kiwandani. Maneno yake yalikuwa ya haki, lakini yalifika wakati ambapo watu walikuwa wamekwisha kuamrishwa wajenge upesi. Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, iliwahamisha watu wa nchi nzima kutoka makazi ya kutawanyika kwenda kwenye vijiji vya kupangwa. Katika Hanang, Wabarbaig nao walikusanywa, na nyumba zikapangwa kwa mistari iliyofuata barabara, mstari ukipita penye mwamba, penye mbuga na penye mteremko bila kuuliza. Mtu ambaye babu yake alichagua mahali pa nyumba kwa kuitazama ardhi alipewa kiwanja kwa namba.

Siwezi kupita hapa bila kutaja usawazishaji mwingine wa miaka ile ile. Kwa msaada wa Kanada, NAFCO, shirika la umma la kilimo, lilifungua katika tambarare za Hanang mashamba makubwa ya ngano, Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret, makumi ya maelfu ya ekari za malisho bora ya Wabarbaig. Na matrekta yalipolima, yalilima pia juu ya bung'eda, yakayalaza makaburi ya wazee yakawa sawa na shamba. Jambo hilo lilifika mahakamani na kwenye tume, na limeandikwa. Nalitaja kwa sababu aliyetazama uwanda ule baada ya kulimwa aliona ardhi safi, iliyonyooka, isiyo na kasoro, na hakuna kilichoonekana juu cha kumwambia kilichokuwa chini.

Sasa nieleze jinsi sakafu inavyoharibiwa tangu siku ya kujengwa, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha shauri letu. Fundi amepewa kiwanja cha mteremko, kama vilivyo viwanja vingi vya Mbulu mjini na vya chini ya mlima Hanang, mlima wenye zaidi ya mita 3,400. Angeweza kufanya kama wahenga, akate kilima mpaka sakafu yote ikae juu ya ardhi asilia. Kazi hiyo ni ndefu, na udongo wa kukatwa ni mwingi. Kwa hiyo hukata nusu tu. Udongo uliotoka upande wa juu huumwaga upande wa chini, ndani ya kuta za msingi, hata usawa ukapatikana. Nusu ya nyumba imekaa juu ya kilima, nusu juu ya kifusi. Kifusi hicho, kama kingemwagwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka isizidi sentimita 15, kikanyunyiziwa maji na kupigwa kwa shindilio hata likaruka, kingekaa. Lakini hukanyagwa kwa miguu ya vibarua, mawe machache hupangwa juu yake, zege jembamba humwagwa, na mwiko unapita. Siku hiyo sakafu ni sawa kabisa. Mvua za kwanza zinapita, za pili zinapita. Maji huingia chini ya msingi, kifusi hujikusanya na kushuka, na chini ya zege huwa pengo. Zege hubaki limening'inia, mpaka siku moja kabati limehamishwa au gunia la mahindi limetuliwa, na ufa unatokea ukifuata mstari mmoja ulionyooka, mstari ule ule ambapo kilima kiliishia na kifusi kikaanza. Mwenye kujua kuusoma ufa huo hahitaji kuambiwa na mtu jinsi nyumba ilivyojengwa. Ongeza juu ya hayo kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 saruji ilikuwa adimu nchini, ikipatikana kwa kibali na kwa kungoja, na kwamba sakafu nyingi za wakati ule ziligawiwa saruji kama chumvi wakati wa njaa, na utaelewa kwa nini nyumba za umri huo, zenye sakafu nyekundu zilizong'arishwa kwa nta, hulia zikigongwa.

Nyumba hizo ndizo zilizo sokoni leo. Njia ya sheria mpaka kufika hapo ilikuwa ndefu. Mwaka 1963 umiliki wa milele wa ardhi ulifutwa, na ardhi ikawa ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kwa miaka mingi baada ya hapo kauli ya serikali ilikuwa kwamba ardhi tupu haina bei, na kinachouzwa ni maendelezo yaliyofanywa juu yake. Sheria za Ardhi za mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5, ziliikubali thamani ya haki ya ardhi, lakini fikra ile ya zamani ina ukweli ambao naupenda: muuzaji anauza kazi ya mikono juu ya ardhi, na sakafu ni sehemu ya kazi hiyo inayoigusa ardhi yenyewe. Barabara ya lami ya Babati hadi Singida ilipopitishwa Katesh, bei za viwanja na nyumba zilipata nguvu, watumishi wa serikali na wafanyabiashara wakatafuta makazi, na wakatokea watu wenye fedha kidogo wanaonunua nyumba kuukuu kwa bei ya chini, wakaipaka rangi, wakabadilisha madirisha, wakaisawazisha sakafu na kuipeleka kwa dalali. Ni biashara halali. Nyumba nyingi zilizokuwa zikielekea kuwa magofu zimeokolewa nayo, na sijaona sababu ya kuidharau.

Lakini ndani ya biashara hiyo imeingia ghushi, nayo huanzia katika sakafu. Sakafu iliyotitia upande wa bondeni hupigwa lipu ya mchanga na saruji juu yake, sentimita nne hapa, sentimita saba kule, kisha marumaru hubandikwa, na chumba kikawa kama kimezaliwa upya. Uzito umeongezwa juu ya pengo lile lile. Kwa kuwa sakafu imepandishwa, milango haifunguki tena, basi hukatwa kwa chini. Na mlango uliokatwa upya chini, ambao mti wake mweupe haujapata rangi ya kufanana na ule wa juu, ni shahidi asiyenunulika. Mwenye kununua na ainame autazame kabla ya kuyatazama madirisha.

Mtazame fundi mwaminifu anavyofanya. Hachukui mwiko kwanza. Huchukua mpira wa maji, ule mrija mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji polepole hata mapovu yote yakatoka, kwa kuwa povu moja hudanganya kipimo chote; kijana mmoja hushika ncha yake kwenye pembe ya juu ya chumba, fundi huenda na ncha ya pili kwenye pembe ya chini, wakangoja maji yatulie, kila mmoja akapiga alama ya penseli ukutani penye uso wa maji. Wakizunguka pembe zote nne wamepata mstari ambao hauwezi kupendelea upande wowote. Kisha futi kamba hushushwa kutoka kila alama mpaka sakafuni: mita moja na sentimita mbili hapa, mita moja na sentimita tisa pale, na chumba kimekwisha kujieleza. Baada ya hapo huchukua kipande cha nondo, akaigonga sakafu hatua kwa hatua kama tabibu agongaye kifua cha mgonjwa; penye mlio mzito pana ardhi, penye mlio wa debe tupu pana pengo, naye hupazungushia chaki.

Hukumu yake hutegemea mlio kuliko futi. Ikiwa sakafu ina mabonde lakini mlio wake ni mzito kila mahali, basi kasoro ni ya usoni: huipigapiga kwa patasi ipate ukwaru, huifagia na kuiosha, hupaka uji wa saruji, humwaga mchanganyiko wa kipimo kimoja cha saruji kwa vitatu au vinne vya mchanga juu ya vipande vya mbao alivyovipima kwa mstari ule wa maji, huuvuta kwa bao refu, na kwa siku saba mwenye nyumba huimwagilia maji, asije akaiharakisha kwa tamaa ya kuhamia. Ikiwa mlio ni wa debe, hakuna dawa ya juu. Zege huvunjwa, kifusi hutolewa hata ardhi ngumu ikaonekana, kisha hurudishwa tabaka kwa tabaka na kupigwa, mawe hupangwa kwa kusimamishwa, mapengo yake hujazwa changarawe, nailoni hutandikwa kuzuia unyevu, na zege la sentimita 10 humwagwa. Na ikiwa chini ni mbuga, ule udongo mweusi hauna budi kuondolewa na kutupwa mbali, na mifereji ichimbwe kuzunguka nyumba maji ya bati yasipate kurudi chini ya msingi. Kazi hii ni ghali, huchafua nyumba nzima, na ikiisha haionekani, kwa kuwa chumba kilichotengenezwa kwa haki na chumba kilichotengenezwa kwa hila hufanana siku ya kuuzwa.

Tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang uliwakumbusha watu wa Katesh, Gendabi na Jorodom kwamba ardhi ya mteremko haisahau maji. Sehemu ya mlima iliyoshiba mvua ilimeguka, tope na mawe vikashuka kwa mito, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Katika nyumba zilizobaki zimesimama, tope lilikuwa limekaa vyumbani mahali pa sakafu. Serikali iliwajengea waathirika nyumba zaidi ya 100 huko Warret, katika nchi ile ya ngano ya zamani, mbali na njia ya tope. Hakuna fundi anayeweza kulaumiwa kwa maporomoko, wala sisemi kwamba shindilio lingezuia mlima. Nasema kwamba wilaya iliyopitia msiba huo ina haki ya kudai kwamba kila nyumba inayouzwa ndani yake ielezwe ukweli wake kuanzia chini.

Mashehe wa pwani hufundisha kwamba aibu ya kitu kinachouzwa haina budi kubainishwa kwa mnunuzi, na kwamba aliyenunua kitu chenye aibu iliyofichwa ana hiari ya kukirudisha. Wazee wa Kiiraqw na wa Kibarbaig, kwa njia zao, hawajapata kumsifu mtu aliyemwuzia jirani ng'ombe mgonjwa. Basi namsihi anayekarabati nyumba ili aiuze, ikiwa hana fedha za kuvunja jamvi lililotitia, aliache lilivyo, ashushe bei, na aseme. Na anayenunua nyumba Mbulu au Katesh mwaka huu asiridhike na kung'aa kwa marumaru: aombe kapeti likunjwe, aende na fundi wake mwenye mpira wa maji na kipande cha nondo, agonge upande wa bondeni kwanza, na kabla ya kutia sahihi amwulize muuzaji, mbele ya mashahidi, chini ya jamvi hili kuna kilima au kuna kifusi.